Boti Kuukuu na Nguvu Iliyopotea

Katika bandari ndogo za mwambao wetu, tangu Lamu na Mokowe hata Mkokotoni, Kilindoni na Kilwa Masoko, boti ya faiba yenye mashine nyuma imeshika nafasi ambayo zamani ilikuwa ya mashua na ngalawa: ndiyo ichukuayo wasafiri na wagonjwa, ndiyo ipelekayo wavuvi na barafu yao, na aghalabu ndiyo mali kubwa kuliko zote aliyo nayo mwenyewe. Walio wengi hawaipati ikiwa mpya. Huinunua mkono wa pili, pengine wa tatu au wa nne, na haupiti muda mrefu kabla mnunuzi hajaanza kulalamika kwamba chombo chake ni kizito, hakina mbio, na kinakunywa petroli kama mchanga unywavyo maji. Hapo mashauri humjia kutoka kila upande, na karibu yote huishia pamoja: ongeza mashine. Mwenye nguvu farasi 15 huambiwa atafute 25, mwenye 25 huambiwa atafute 40, na mwenye 40 huambiwa kwamba jirani yake ana 60.

Nataka kulipima shauri hilo kwa insafu, kwa sababu limewatia watu wengi katika deni na wengine katika hatari. Rai yangu, ambayo nitajaribu kuibainisha kiungo kwa kiungo, ni kwamba boti kuukuu aghalabu inayo nguvu ya kuitosha, ila nguvu hiyo inavuja njiani kabla haijafika majini. Na mwenye kuitafuta mianya hiyo na kuiziba mmoja baada ya mwingine, akipima kabla na baada ya kila kazi, hupata faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko yule akimbiliaye dukani.

Mashine hii ya kuning'inizwa nyuma ya chombo si ya jana. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekulia Marekani, alianza kuuza mashine zake mjini Milwaukee mwaka 1909, na kampuni ya Yamaha ya Japani, ambayo jina lake leo kwetu ni kama jina la mashine yenyewe, ilitoa ya kwanza mwaka 1960. Katika muda wote huo umbo lake halikubadilika katika mambo ya msingi: juu kichwa chenye silinda, katikati mguu mrefu upitishao mhimili na maji ya kupoza, chini sanduku la gia, na mwisho rafadha, ambayo mafundi wetu wengi huiita propela. Nguvu huzaliwa juu na kutumika chini. Na katika safari hiyo fupi, isiyozidi urefu wa mtoto, ndimo inamoweza kupotea.

Lakini kabla ya mashine, chombo. Ipo kanuni ya maumbile ambayo hakuna fundi awezaye kuitengua, nayo ni kwamba chombo kilichoundwa ili kipasue maji, kama dau au mashua yenye tumbo la mviringo na tezi, yaani sehemu ya nyuma, iliyochongoka, kina kikomo cha mwendo kitokanacho na urefu wake. Ukichukua urefu wa chombo kwa futi pale yafikapo maji, ukatafuta kipeuo chake cha pili, kisha ukakizidisha kwa 1.34, utapata takriban maili za bahari ambazo chombo hicho kinaweza kwenda kwa saa moja. Dau la futi 25 majini lina kipeuo cha pili 5, basi kikomo chake ni maili 6.7 hivi. Ukilipa nguvu farasi 10 litakaribia hapo. Ukilipa 40 litachimba shimo nyuma yake, litainua omo, yaani mbele yake, litazamisha tezi, na ile petroli iliyozidi itageuka mawimbi na moshi. Boti ya faiba yenye chini bapa au yenye umbo la kabari, na tezi iliyokatwa wima, ni jambo jingine: hiyo imeumbwa ipande juu ya maji na kuteleza, na kwake nguvu zaidi yaweza kuwa mwendo zaidi. Kwa hiyo suala la kwanza la mwenye kutaka kuboresha chombo ni kujua anacho chombo cha namna gani, kwa kuwa fedha nyingi zimetupwa kwa kutaka ng'ombe aende mbio za farasi.

Tuseme sasa kwamba tunayo boti ya kuteleza, ya futi 16 hadi 20, iliyokwisha kutumika miaka kadhaa. Adui yake mkubwa ni uzito asiouona mwenyewe. Faiba yenyewe haiozi, lakini ndani yake aghalabu mna mbao za kuipa ugumu: chini ya sakafu, katika mataruma, na zaidi ya kote katika ule ubao wa tezi unaoshika mashine. Mahali pengine pamejazwa povu la kuelea. Maji hupenya kidogo kidogo, hasa kwenye matundu ya bolti yaliyotobolewa bila kuzibwa, na yakishaingia hayana pa kutokea. Mbao huoza, povu hulowa, na kwa kuwa kila lita ya maji ni kilo moja, boti yaweza kuwa imebeba mzigo wa abiria wawili au watatu ambao hawalipi nauli wala hawashuki.

Nakumbuka asubuhi moja katika ufuko wa Shela kisiwani Lamu, maji yamekupwa, kijana mmoja alimleta fundi mtu mzima aitazame boti aliyoinunua, maana alikwisha kupanga kuibadilisha mashine. Yule mzee hakuigusa mashine hata kidogo. Alichutama nyuma ya tezi, akashika nyundo ndogo, akaanza kugonga ule ubao kutoka kushoto kwenda kulia, kwa utaratibu kama mwalimu agongaye meza. Mlio ulikuwa mkavu na wa juu, tak, tak, tak, kisha ulipofika karibu na bolti za mashine ukawa mzito kama wa kugonga gunia. "Sikiliza, mwanangu," alisema. "Hapa pasema, hapa panyamaza." Akatoboa tundu dogo kwa ndani, na katika ncha ya keekee yakatoka makombo meusi yaliyolowa, na nyuma yake uzi wa maji ya rangi ya chai, ambao ulitiririka juu ya faiba nyeupe muda mrefu kuliko tulivyotazamia. Kijana aliuliza, "Sasa mzee, nikitia ile mashine kubwa?" Mzee akamjibu, "Utaitia, na siku moja itaondoka na ubao wake, wewe ubaki na usukani."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kazi iliyofuata ndiyo kazi ya kwanza kwa kila boti kuukuu: kukata ngozi ya ndani ya faiba, kutoa ubao uliooza mpaka kufikia mkavu, kutia ubao mpya wa plaiwudi ya baharini uliolowezwa kwa resini, kuufunga kwa mati ya faiba, na kisha kurudisha bolti za chuma kisichoshika kutu, kila tundu likiwa limepakwa gundi isiyopitisha maji. Ni kazi ya jasho na vumbi, wala haina fahari ya kuonyeshwa rafiki. Lakini boti iliyovuliwa maji hayo hupanda juu upesi kwa mashine ile ile iliyoitwa dhaifu.

Pamoja na hayo, uso wa chini. Wazee wetu waliokuwa wakipaka vyombo deheni, yaani mafuta ya wanyama yaliyokorogwa na chokaa, na kuvipweleza kila baada ya muda ili wavikwangue, walijua kwa tajriba yale ambayo mwenye faiba huyasahau: mwani na wadudu wenye magamba hawabagui mti na faiba, na ukoko mwembamba utoshao mkono kuhisi ukali wake watosha pia kuishika boti nyuma. Boti ilalayo majini yahitaji rangi ya kuzuia uchafu huo, na ile ipandishwayo pwani yahitaji tu brashi na maji matamu. Hakuna uboreshaji ulio rahisi kuliko huu, na labda kwa sababu hiyo hudharauliwa.

Chombo kikishapona, ndipo tuiendee mashine, nayo kwanza tuiulize kama ni nzima kabla hatujaihukumu kuwa ni ndogo. Kipimo cha mgandamizo hufungwa penye tundu la plagi, mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, kamba ikavutwa mara kadhaa. Silinda zisipishane kwa zaidi ya sehemu 10 katika 100, na zikipishana, ile iliyo dhaifu ina ringi zilizokwisha au ukuta uliokwaruzika, na hapo hakuna rafadha wala kabureta itakayosaidia. Plagi zenyewe ni barua kutoka ndani: rangi ya kahawia hafifu ni salama, nyeusi iliyolowa ni petroli au oili iliyozidi, nyeupe kama mfupa ni ukosefu wa petroli, nayo ni hatari, kwa kuwa silinda inawaka moto kupita kiasi. Kabureta husafishwa, hasa ikiwa mashine ililala miezi, kwa sababu petroli iliyokaa huacha utando katika vijitundu vidogo kuliko sindano. Mashine za mipigo miwili hutaka oili katika petroli kwa kadiri iliyoandikwa kitabuni; kwa nyingi kadiri hiyo ni moja kwa hamsini, yaani mililita 400 katika lita 20. Kukisia kwa jicho kwa kutumia kopo la maziwa ni kuicheza kamari roho ya mashine.

Kisha maji ya kupoza. Ndani ya mguu mna pampu yenye gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, ambalo katika maji yetu yenye mchanga na tope huchakaa upesi. Yafaa libadilishwe kila mwaka kwa boti ya kazi, hata kama bado yatoa maji. Kijimkondo kile kinachorushwa nyuma ya mashine nahodha akitazame kila mara awashapo, kama mwenye kuangalia pumzi ya mgonjwa. Oili ya gia nayo ifunguliwe na kutazamwa: ikiwa na weupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili, na gia zake zinaliwa. Vipande vya zinki vibadilishwe vikipungua nusu, na visipakwe rangi kamwe, maana vimewekwa viliwe vyenyewe ili alumini isiliwe. Na kila jioni, mashine ioshwe ndani kwa maji matamu kwa dakika 10 au 15, jambo ambalo kisiwani penye uhaba wa maji huonekana kuwa ni israfu, lakini pipa moja lililokatwa, mashine ikashushwa humo, latosha siku nyingi.

Mashine ikishakuwa nzima, mahali pake pa kukaa ndipo penye siri iliyopuuzwa kuliko zote. Mguu wa mashine hutengenezwa kwa vipimo, na viwili vilivyoenea kwetu ni vya tezi ya inchi 15 na ya inchi 20. Juu kidogo ya rafadha liko bapa la chuma lililolala, na kanuni ya kuanzia ni kwamba bapa hilo liwe sawa na chini ya boti, au inchi moja hivi chini yake. Mguu mrefu katika tezi fupi huburuta chuma kisicho na kazi majini, hurusha maji mpaka ndani ya chombo, na hukwama katika kila fungu la mchanga. Mguu mfupi katika tezi ndefu huifanya rafadha ivute hewa, mashine ikapiga kelele kama iliyochanganyikiwa na boti isiende. Wengine huishi miaka na kasoro hii wakidhani ni tabia ya boti yao, ilhali kipande cha mbao ngumu cha inchi moja, au ubao mmoja kuondolewa, ungeimaliza. Ipo pia pini ya kuinamisha mashine: ikisukumwa ndani mno, omo huzama na boti hulima maji, ikitolewa nje mno, omo huinuka na kushuka kama pomboo achezaye. Tundu lililo sawa hupatikana kwa kujaribu moja moja, na kujaribu huko hakugharimu chochote ila subira.

Tumefika kwenye rafadha, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa kuwa ndiyo gia pekee aliyo nayo mwenye boti. Rafadha husomwa kwa namba mbili: upana wa duara yake, na hatua yake, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa parafujo katika mti laini. Hatua ndefu ni kama gia kubwa ya gari: yafaa kwa chombo chepesi na mwendo, lakini yaichosha mashine ikibeba shehena. Hatua fupi hunyanyua mzigo, lakini katika chombo chepesi mashine huzunguka kupita mpaka wake. Kila mashine ina mizunguko iliyoandikiwa mafuta yakiwa yamevutwa yote, kwa nyingi ni kati ya 4,500 na 5,500 au kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Na lengo la uteuzi ni kwamba boti, ikiwa na mzigo wake wa kila siku, ifike ndani ya mpaka huo, isipungue wala isipite. Kubadili hatua kwa inchi moja huongeza au hupunguza takriban mizunguko 150 hadi 200. Kwa hiyo mwenye mashine ifikayo 4,300 tu, naye akaenda kununua mashine nyingine, pengine alihitaji rafadha yenye hatua fupi kwa inchi mbili au tatu.

Tutoe mfano wa hesabu ambayo nahodha yeyote aweza kuifanya mchangani kwa kijiti. Mashine inazunguka mara 5,000 kwa dakika, gia yake inapunguza nusu, basi rafadha inazunguka mara 2,500. Hatua yake ni inchi 13; ingesonga inchi 32,500 kwa dakika, ambazo ni mita 825 na ushei, ambazo kwa saa ni maili za bahari 26.7. Sasa simu iliyo mfukoni, yenye kupokea ishara za satelaiti, inasema boti inakwenda maili 20. Robo nzima imepotea. Kupotea kiasi hakuepukiki, kwa kuwa maji si mti. Kwa boti nyepesi ya kuteleza iliyo sawa, sehemu 10 hadi 20 katika 100 ni jambo la kawaida. Lakini robo ni ushahidi kwamba kuna mwanya: bawa limepinda, mpira wa ndani ya rafadha unateleza, mashine imekaa juu mno, chini ya boti ni pachafu, au mzigo umezidi. Majaribio hayo yafanywe maji yakiwa yametulia, na njia ile ile iendewe na kurudiwa, ili mkondo usiwe shahidi wa uongo. Na kila mara libadilishwe jambo moja tu. Abadilishaye matatu kwa siku moja, boti ikawa nzuri, hajui ashukuru lipi. Ikawa mbaya, hajui alaumu lipi.

Mzigo nao ni sehemu ya utengenezaji, ingawa haununuliwi. Tangi la petroli, betri, nanga, sanduku la barafu na nahodha mwenyewe, wote hupenda kukaa nyuma, na boti nyepesi iliyolemewa tezi haipandi. Kusogeza tangi mbele kwa futi chache kwa bomba refu zaidi kumewaponya wengi. Manahodha wa majahazi waliojua kupanga farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, na shehena hata chombo kikae sawa hawangelistaajabia hili hata kidogo. Sisi tumelisahau kwa kuitegemea mashine itulipie uzembe wetu.

Ikiwa baada ya yote hayo nguvu bado haitoshi, basi mashine kubwa ni haki, lakini iwe kwa hesabu. Boti ndogo nyingi zilizotengenezwa Marekani zina kibao kinachotaja watu, uzito na nguvu isiyopaswa kuzidishwa. Kibao hicho ni amana ya aliyeiunda, na haifai kukifunika kwa rangi. Penye kuchagua kati ya mipigo miwili na minne, kila upande una hoja. Ya mipigo miwili ni nyepesi, ya farasi 15 ikiwa na takriban kilo 36 hadi 40, na fundi aweza kuifungua ufukweni kwa spana chache. Lakini ile ya kabureta hutoa sehemu kubwa ya petroli yake, hata robo, bila kuchomwa, pamoja na oili, ikaingia katika maji yale yale ya samaki na matumbawe. Ya mipigo minne hunywa kidogo na kunyamaza, lakini ya nguvu hizo hizo kwa kawaida huwa nzito zaidi, na uzito huo huja kukaa pale pale pasipostahimili, juu ya tezi. Na ikiharibika kisiwani, vipuri na maarifa yake havipatikani kila mahali. Kwa boti ifanyayo safari nyingi kila siku karibu na mji wenye mafundi, nahukumu kwamba minne hujilipa. Kwa mvuvi wa mbali, miwili iliyotunzwa bado ina udhuru wake.

Wala mwendo usitengwe na uhai. Kila maili inayoongezwa hufupisha muda wa kuliona fungu la mchanga au ngalawa isiyo na taa. Ile kamba ya kuzima mashine, ambayo katika boti nyingi nimeiona imefungwa kwenye bomba kama pambo, ifungwe mkononi mwa nahodha. Majaketi ya kujiokolea yavaliwe, yasikaliwe. Na ndani ya chombo usikose upondo, kafi na nanga yenye kamba ndefu, hasa katika miezi ya kusi, kwa maana bahari haishi zinge na hakuna mashine isiyowahi kuzimika.

Basi hukumu ya uchambuzi huu ni utaratibu, nao ni huu: kwanza ukausheni mwili wa boti na mwusafishe, pili iponyeni mashine mliyo nayo, tatu ikalisheni mahali pake, nne ipeni rafadha iliyo saizi ya kazi yake, tano pangeni mzigo, na mwisho kabisa, ikiwa bado pana haja, nunueni nguvu. Nawasihi wenye vyombo wote: kabla ya kukopa fedha za mashine mpya, shukeni pwani maji yakiwa yamekupwa, na nyundo ndogo mkononi, mkagonge ubao wa tezi na kusikiliza.